Mahali Bamba Lilipopinda

Kwa karibu wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja. Bamba la titaniamu lililokuwa limefungwa kwenye mfupa wa paja la babu yangu lilipinda wapi? Lilipindia mguuni mwake alipokuwa hai, au lilipindia motoni, baada ya kufa? Mtu mwingine angesema ni motoni, akavuta blanketi, akalala. Mimi nikigeukia ubavu huu nilikuwa na hakika ni motoni, nikigeukia ule nilikuwa na hakika ni mguuni. Na aliyesubiri jibu hakuwa mwalimu wa kunipa alama. Alikuwa nyanya yangu, dani kama tunavyomwita kwetu, na alikuwa na sababu yake ya kuuliza.

Babu alifanya kazi maisha yake yote kwenye boila za kiwanda cha sukari. Alipostaafu alirudi nyumbani, karibu na Usenge, ambako dani alikuwa akianika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Siku moja upepo wa ziwani uliinua bati la jikoni, babu akapanda kulipigilia, akaanguka, paja likavunjika. Alifanyiwa upasuaji Kisumu, na mfupa ukashikwa kwa bamba refu na skrubu.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na mradi wangu ulihusu aloi ileile, titaniamu iliyochanganywa na alumini na vanadi kidogo. Nilipoenda kumwona hospitalini nilishika picha ya eksirei dirishani kama mtu anayeangalia picha ya rafiki yake gazetini. Bamba lilikuwa jeupe, limenyooka. Nilimweleza babu kila kitu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walilazimika kusikiliza pia.

Kazi yangu chuoni ilikuwa kuchukua vipande vidogo vya mviringo, vinene kama kidole gumba, kuvipasha moto hadi viwe vyekundu, kuvikandamiza kwa mashine, kisha kuvitumbukiza kwenye maji ili vilivyomo ndani visipate nafasi ya kubadilika tena. Baadaye nilivikata, nikaving'arisha, nikavipaka asidi na kuvitazama kwa darubini. Ndani ya aloi mna chembe, na chembe zina umbo. Ukiikandamiza kwa haraka ikiwa moto, inakataa kwa nguvu. Ukiikandamiza polepole, inatii. Kwanza inakaza, halafu inalegea, kwa sababu zile chembe ndefu na nyembamba zinakatikakatika na kuwa duara, na duara zinateleza zikipishana kwa urahisi kuliko ndefu. Ukizidisha joto, ukakaribia nyuzi elfu moja, chembe hubadilisha mpangilio wao wote na kuwa kitu kingine. Ikipoa tena, unakuta ndani mistari iliyopishana kama mkeka. Umbo la mwanzo limekwisha, na hakuna namna ya kulisoma tena.

Babu alinisikiliza kuliko wasimamizi wangu. Aliniambia kwamba mabomba ya boila yao yalikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeyagusa, hakuna aliyeyagonga, lakini baada ya miaka ya joto yalikuwa yamelegea katikati kwa uzito wao wenyewe. Tulikubaliana kwamba joto na muda vikikutana, chuma chochote kinachoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye kama watu wa kazi moja. Kuanzia hapo akawa ananiita injinia, hata mbele ya watu, nami nikawa naona aibu na kupenda kwa pamoja.

Aliporudi nyumbani, dani alishika usukani. Daktari alikuwa amesema mgonjwa akifika wakati fulani lazima aanze kukanyagia mguu, la sivyo mguu utadhoofika. Dani alilichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Wakati ulipofika aliyachukua magongo ya babu na kumpa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa na mgonjwa, na tangu siku hiyo babu alitembea. Kila jioni alishuka naye hadi ufuoni kukunja nyavu za omena, kisha wakapanda tena. Babu alisema paja linauma kwa ndani. Dani alisema ni uvivu wa mtu aliyezoea kukaa mbele ya moto na kuletewa chai. Alikuwa akimwambia mbele yetu sote, "Mguu ni wako, si wa mgeni. Utembeze." Tulicheka, na babu alicheka pia. Hakurudi kupigwa picha nyingine. Safari ya Kisumu ni ndefu, na alikuwa anatembea, kwa hiyo kila mtu aliona amepona.

Wakati mmoja alinipigia simu. Sikumbuki tulianza na nini, nadhani mvua. Kisha akauliza, "Injinia, hii chuma yenu inaweza kupinda?"

Nilifurahi. Nilidhani amerudi kwenye mazungumzo yetu. Nilimwambia kwamba kwa joto la mwili aloi hiyo haijui hata kama kuna joto. Nilimwambia inahitaji mamia ya nyuzi kabla haijaanza kufikiria kulegea. Nilimweleza tena habari za kasi ya mkandamizo na chembe zinazogeuka duara. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi ni sawa," akakata simu kwa sababu salio lake la simu lilikuwa linaisha.

Nilijua vizuri kwamba bamba linaweza kupinda bila moto wowote. Mfupa usipoungana, uzito wote wa mtu huangukia bamba kila anapokanyaga, na bamba si la kubeba mtu maisha yake yote. Hilo linafundishwa mapema kabisa. Lakini nilikuwa nimeipenda ile sehemu ya joto, na yeye aliniuliza swali la kupinda, nami nikamjibu la joto. Sikumuuliza kwa nini anauliza.

Babu alifariki kwa homa ya mapafu, siyo kwa mguu. Mbele ya pasta na wanawe alikuwa ameshasema anataka kuchomwa, na majivu yamwagwe ziwani. Alisema amefungua milango ya tanuri tangu ujana wake na haogopi moto, na kwamba hataki matanga ya kumalizia dani mifugo. Kwetu jambo hilo ni zito. Wazee wa ukoo walinuna, shangazi zangu walilia zaidi kwa habari ya kuchomwa kuliko ya kifo, na jirani mmoja alisema wazi kwamba haji kuangalia mtu akichomwa kama mkaa. Lakini pasta alikuwa shahidi, na wanawe waliogopa kumvunjia neno. Tukampeleka Kisumu, mahali wanapochoma kwa kuni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda na baba mdogo kukusanya majivu. Baba mdogo ndiye kitinda mimba wa babu, ana duka la vipuri vya pikipiki Obunga, na hana uwezo wa kukaa kimya akiwa na huzuni. Bamba tulilikuta limelala juu ya nondo mbili za wavu wa kushikilia kuni, na juu yake kipande cha gogo ambacho hakikuwa kimekwisha kuungua. Lilikuwa limefunikwa na ganda jeupe lenye ukijivu, linalobanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Na lilikuwa limepinda katikati. Si sana. Lilikuwa kama mtu anayeinama kidogo kupita mlango mfupi.

Baba mdogo alilitazama, akasema, "Hata mimi ningepinda humo ndani."

Tulicheka wote wawili, na baada ya hapo hatukutazamana mpaka tulipofika garini.

Majivu yalimwagwa ziwani na wanawe. Ndipo shida ikaanza, kwa sababu boma haliwezi kukaa bila kaburi la mwenyewe. Kwetu mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu zito linaloning'inia kama gunia dogo. Wazee walisema basi tuzike yago, mambo yaishe. Dani alikataa. Alisema yago ni la mtu aliyepotea, na mumewe hakupotea, anajua alipo. Alisema kipo kitu kilichokaa ndani ya mwili wake, kilichoshikana na mfupa wake, na hicho ndicho kitakachozikwa. Wazee walijadiliana kwa muda mrefu, kisha wakakubali, kwa sharti moja. Mmoja wao alisema mtu hazikwi akiwa amepinda. Lazima kile chuma kinyooshwe kwanza.

Baba mdogo alikuwa tayari kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea apige nyundo mara mbili tatu. Nilisema hapana kwa haraka kuliko nilivyokusudia. Nilisema nitalishughulikia mimi, kazini. Ilikuwa kweli kwamba nyundo ingeliharibu, kwa sababu titaniamu ikikaa motoni hunywa hewa, na ngozi yake huwa ngumu na rahisi kupasuka kama kigae. Lakini haikuwa hiyo sababu yangu. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza lile swali, na nilitaka bamba likae mikononi mwangu kwa siku chache.

Sikujua kwamba dani naye alikuwa akijiuliza. Alinifuata jikoni nilipokuwa nikichukua maji ya kunawa. Aliongea Dholuo, kwa sauti ndogo, akiwa amenipa mgongo kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu.

"Wewe ndiye umesomea hii," alisema. "Ilipinda wapi? Niambie kabla hatujaifukia."

Nikamwambia nitaangalia. Nilikuwa nimeona mabega yake yalivyoinama, na nilielewa kwamba haulizi habari ya chuma. Alikuwa akiuliza kama zile jioni zote za kushuka na kupanda, alimtembeza mtu aliyevunjika.

Ninafanya kazi ya mkataba kwenye maabara ya chuo kimoja cha ufundi mjini Kisumu. Kazi yenyewe ni kutayarisha sampuli za wanafunzi, nyingi zikiwa nondo za ujenzi na mabaki ya vyuma vya kuchomelea. Tuna mashine ya kukatia yenye kisu cha duara, na darubini moja nzuri. Nililiweka bamba kwenye meza yangu, nikaliosha, nikalipima lile pindo, nikalitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha nikaliweka kwenye kibanio cha mashine. Kisha nikalitoa. Nilifanya hivyo mpaka mwenzangu wa maabara, dada mmoja aliyenitangulia kazini, akanigeukia. Nilimweleza yote. Alisema nikate, nitazame, nimwambie nyanya yangu ukweli, nirudi kusaga nondo za watu.

"Wewe unafikiri mpaka unachosha," alisema. "Ungekuwa hilo bamba ungekatika kabla hata ya kuwekewa mtu."

Alikuwa sahihi kuhusu mimi, lakini si kuhusu kukata. Nilijaribu kumweleza, na nilipokuwa nikimweleza ndipo nilipoelewa mwenyewe.

Nikikata katikati ya pindo, darubini itanionyesha moja kati ya mambo mawili. Huenda nikakuta zile chembe ndogo za duara ambazo kiwanda kilizitengeneza, hazijakua, hazijabadilika. Hiyo itamaanisha kwamba moto wa kuni haukuwa mkali vya kutosha mahali pale, na kama haukuwa mkali, gogo lile lisingeweza kulipinda. Basi lilipindia mguuni. Huenda pia nikakuta chembe zilizonenepa, au ile mistari iliyopishana kama mkeka, na hapo nitajua joto lilikuwa kubwa, na kwamba chini ya gogo, juu ya nondo mbili, kwa saa nyingi za polepole, bamba lingeweza kabisa kulegea kama mabomba ya boila. Lingeweza. Lakini joto hilohilo lingekuwa limefuta kila alama ya yaliyotokea kabla. Kama lilikuwa limeshapinda mguuni na kubeba ndani yake msukosuko wa kila hatua, moto ungeutuliza na kuusafisha, chembe mpya zikazaliwa pale zilipokuwa za zamani, na nisingeona chochote.

Kwa maneno mengine, mashine ile ingeweza kumtia dani hatiani, lakini haingeweza kumwachilia. Hakuna kitu ambacho ningekiona kwenye darubini kingeniruhusu kumwambia, kwa hakika, kwamba babu hakuwa akiumia.

Mwenzangu alifuta vumbi la nondo mikononi. Kisha akasema, "Basi mwambie ni motoni. Nani atajua?"

Nililifikiria hilo kwa siku mbili, kwenye chumba changu cha Nyalenda, nikichota maji, nikipika, nikiosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Neno lenyewe ni fupi. Nililijaribu kwa sauti. Ningelisema, dani angevuta pumzi, na pengine ningelala. Lakini kila nilipolisema nilimwona babu akipanda ule mteremko kutoka ufuoni, ameshika paja, akisema linauma kwa ndani. Nikisema ni motoni, nitakuwa nimemwachilia dani na kumwacha babu akiwa mvivu na mlalamishi, bila nafasi ya kujibu. Nikisema ni mguuni, nitakuwa nimempa dani mzigo wa kuubeba mpaka siku yake, kwa ushahidi ambao sina. Na nikikata, nikakuta zile chembe ndogo za duara, nitakuwa na ushahidi, na hapo sitaweza tena kujizuia kuujua.

Sijui watu wengine huamuaje mambo. Mimi huzunguka jambo mpaka linachakaa, halafu napatwa na uchovu na kuuita uamuzi. Lakini safari hii haikuwa uchovu. Niliona tu kwamba kati ya majibu yote niliyokuwa nayo, moja ndilo lilikuwa langu kusema. Ijumaa jioni nililifunga bamba kwenye kitambaa cha pamba, zima, na asubuhi nikapanda gari la Bondo, kuelekea nyumbani.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kukifungua kitambaa. Aliuliza kwa nini bamba halijanyooshwa. Nilimwambia, na wazee nikawaambia pia, kwamba likinyooshwa litapasuka, na kama lazima tuchague, afadhali azikwe amepinda kuliko azikwe vipande. Mzee aliyeweka sharti alilishika, akalipima mkononi, akashangaa lilivyo jepesi. Akasema basi liachwe. Baba mdogo alininong'oneza kwamba nimesoma kumbe, nimejua kuwatisha wazee.

Dani alikuwa chumbani kwake, amevaa nguo ya kanisani. Nilifunga mlango. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu yenye mifano ya nafaka na ya mkeka, na nilipomwona nikayaacha yote.

"Dani, sijui," nilisema. "Huenda moto umefuta. Ningeweza kukata nitazame ndani, lakini hata nikikata, kuna uwezekano mmoja tu ambao ningeuona, nao ni ule mbaya. Ule mzuri hauonekani. Kwa hiyo sikukata."

"Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie hujui?"

"Ndiyo."

Alitoa sauti ambayo ilikuwa karibu na kicheko. Kisha akauliza kama babu aliwahi kuniambia mimi habari ya maumivu. Nikamwambia ile simu. Nikamwambia swali lake na jibu langu lote refu, na kwamba sikumuuliza kwa nini anauliza. Sikulipunguza. Dani alisikiliza akikunja na kukunjua leso mapajani.

"Aliuliza hivyo," alisema.

"Aliuliza hivyo."

"Na mimi aliniambia kwa mdomo wake, kila jioni." Nje mtu alikuwa akiita watoto watoke karibu na shimo. "Basi kama chuma haijui na wewe hujui, nitamwamini yeye. Alisema inauma. Ilikuwa inauma."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda haikuwa hivyo, kwamba nusu ya uwezekano bado iko upande wake, kwamba mguu waweza kuuma hata bamba likiwa limenyooka. Maneno yalifika mdomoni. Kwa mara moja maishani mwangu niliyaacha humo. Alinyoosha mkono, nikampa bamba. Alikifunua kitambaa, akapitisha kidole kwenye lile pindo, polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepapasa mahali palipovimba. Halafu akalifunga tena mwenyewe, akasimama, akashika mkono wangu, tukatoka, kwa sababu wanaume walikuwa wameshamaliza kuchimba na walikuwa wakitungoja.